Likizo ya Kiangazi kwa Ndugu Zetu wa Likasi na Kolwezi

Shule zinapofungwa mwezi wa Julai, baridi ya kiangazi ikiwa bado kali hapa Lubumbashi, nchini Kongo, familia yetu hushika barabara ya taifa namba 1 kwenda kuwasalimu ndugu waliotawanyika katika miji ya migodi. Kutawanyika huko kuna sababu yake: babu zetu waliajiriwa na Union Minière, kampuni iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, na kila mmoja alihamia pale kazi ilipompeleka.

Shangazi anaishi Likasi, yapata kilomita 120 kutoka kwetu. Hamruhusu mtu yeyote kuendelea na safari kabla hajala bukari (ugali) kwa sombe (majani ya muhogo) na samaki wa Ziwa Tshangalele, ziwa lililotokana na mto Lufira kuzuiwa kwa bwawa la Mwadingusha. Baada ya kula, huwaketisha watoto na kuwatajia mababu wao jina kwa jina, nani alimzaa nani na katika kijiji gani. Kwangu mimi, saa hizo zina thamani kuliko safari nzima.

Fungurume tunapita bila kukaa, kwa kuwa malori ya madini ni mengi na vumbi huwasumbua wadogo. Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, mjomba hutungoja na ukoo mzima.

Mwaka ujao tunatamani kufika Kamina kwa treni, maana huko yuko mama mkubwa ambaye watoto wangu wanamfahamu kwa sauti ya simu tu.