Mashine ya Kahawa Ikivuja, Tandika Karatasi Kwanza

Mwenzangu wa nyumba alipohama, mwaka wangu wa pili huku ughaibuni, aliniachia meza, taa ya mezani na mashine ya kahawa ya kapsuli, vile vikopo vidogo vyenye kahawa ndani yake. Akiwa mlangoni na mabegi yake akaniambia, "Kaka, hiyo mashine inavuja. Ikikuchosha itupe tu." Wakati huo nilikuwa kazi ya zamu ya usiku. Natoka saa tatu, majirani wakizima taa zao, na kikombe kimoja cha kahawa kabla ya kufunga mlango ndicho kilichonishikilia mpaka alfajiri. Kukitupa kikombe hicho sikuwa tayari.

Aliyeishi huku anaijua hesabu yake: kumwita fundi aje aangalie kifaa kidogo cha jikoni mara nyingi ni ghali kuliko kununua kipya. Kwa hiyo watu wanatupa. Kando ya mapipa ya taka ya jengo letu nimeshaona mashine za kahawa kadhaa, zinang'aa, waya umekunjwa na kufungwa vizuri. Naumia kuziona, maana sasa najua kwamba nyingi hazijafa. Zina chembe ya chokaa mahali fulani, au hewa imeingia kwenye pampu, au mpira umekauka. Basi.

Mimi nilianza vibaya. Niliona maji chini ya mashine, nikaamini ndani kumepasuka. Skrubu zake zilikuwa na vichwa vya umbo la yai ambavyo bisibisi ya kawaida haivishiki, nikatafuta ya kwake wiki nzima, nikafungua, nikakuta ndani kumekauka kabisa. Hakuna hata tone. Nikaifunga, nikajaza tangi, asubuhi nikakuta maji palepale. Tatizo lilikuwa kwenye vali ya chini ya tangi, kitu ambacho hakihitaji bisibisi yoyote. Tangu siku hiyo sigusi mashine ya mtu kabla sijajua mambo mawili: maji yanatokea wapi, na yanatokea wakati gani.

Njia ninayoitumia ni karatasi za jikoni. Chomoa plagi, kausha mashine yote kwa kitambaa, chini, pembeni, na mahali tangi linapokalia. Tangi ulijaze maji na uliweke peke yake juu ya karatasi kavu kwa saa nzima. Karatasi ikilowa, ugonjwa uko kwenye tangi na mashine haina kosa. Ikibaki kavu, rudisha tangi mahali pake bila kuwasha, usubiri tena. Ikilowa sasa, kosa liko pale tangi linapoungana na mashine. Ikiwa bado kavu, washa na upitishe maji bila kapsuli. Mwisho kabisa ndipo uweke kapsuli. Kila hatua inaondoa mshukiwa mmoja, na ukifika mwisho hubahatishi.

Vali ya tangi ni kitu rahisi sana: springi ndogo, kijiti cha plastiki na mpira wa duara. Tangi likiwa nje ya mashine, springi inaubana mpira ili maji yasitoke. Likikaa mahali pake, chuchu ya mashine, kile kijibomba kinachoingia chini ya tangi, inakisukuma kijiti na maji yanashuka. Chembe moja ya chokaa ikikaa kati ya mpira na plastiki inatosha kuacha tone baada ya tone usiku kucha. Loweka sehemu hiyo kwenye maji yenye asidi ya sitriki, bonyeza kijiti kwa kidole mara kadhaa ili chembe iachie, kisha suuza sana. Kwenye ile chuchu ya mashine nako kuna oringi, yaani mpira mwembamba wa duara. Ifute, iangalie kama imepasuka au imekuwa bapa. Ikiwa nzima ila imekauka, ipake grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, kidogo tu. Mafuta ya kupikia na mafuta mazito ya kujipaka usitumie. Mengine huifanya mipira ya aina hii ivimbe na kulegea, na baada ya muda unavuja kuliko mwanzo.

Kuna maji ambayo si ya kuvuja. Trei ya matone ikijaa hufurika, na watu wengi hapo ndipo wanapokata tamaa. Imwage. Maji kidogo kwenye kile kikasha zinamoangukia kapsuli zilizotumika nayo ni ya kawaida.

Yakiwa mengi humo, huku kikombe kikipata kahawa nusu, hapo ndipo penye kazi. Pampu ya mashine hizi ni ya sumaku-umeme: koili, yaani waya uliozungushwa, inakivuta na kukiachia kijiti cha chuma, mara 50 kwa sekunde kama umeme wako ni wa hezi 50, na pampu nyingi zimeandikwa bar 15 au 19, kipimo cha nguvu ya kusukuma maji. Maji yaliyosukumwa kwa nguvu hiyo hutafuta njia nyepesi. Kapsuli ikiwa imebonyea ukingoni, au mpira unaoikumbatia ukiwa na unga wa kahawa ulioganda, maji yanapita pembeni badala ya kupita katikati ya kahawa. Fungua mkono wa mashine, ule unaofungia kapsuli, chukua mswaki laini na maji ya uvuguvugu, usugue pande zote mbili: upande wa meno yanayotoboa kapsuli, na ule wa bamba lenye vinundu ambalo alumini ya kapsuli hupasukia. Angalia meno yote. Jino likivunjika, kapsuli haitobolewi sawasawa, na hata ungefua mashine nzima kwa dawa haitasaidia.

Kapsuli zenyewe zitazame kwa makini. Eric Favre, mhandisi Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Nestlé, alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mfumo huu wa Nespresso mwaka 1976, na biashara yake ikaanza 1986. Hataza zilipoanza kwisha muda, karibu na mwaka 2012, kampuni nyingine nyingi zikaingia na kapsuli zao, za plastiki, za alumini, za kuozeka. Nyingine ni nzuri. Nyingine zina ukingo mnene au mwembamba kidogo, na tofauti hiyo ndogo inatosha kukwamisha au kuvujisha. Zile za kuozeka zikinyonya unyevu huweza kuvimba, kwa hiyo pakiti yake iwe imefungwa vizuri. Kabla ya kulaumu mashine, jaribu kapsuli za aina nyingine. Kapsuli iliyokwama usiing'oe kwa kisu. Zima, acha ipoe, fungua na kufunga mkono taratibu, kisha isukume kwa kijiko cha mbao.

Sasa kuziba. Pitisha maji bila kapsuli huku umetega kikombe. Yakija kwa wingi na kwa mfululizo, pampu na hita havina neno, na kizuizi kiko kwenye kapsuli au pale inapotobolewa. Yakija kwa matone, au yasije kabisa, sikiliza sauti. Pampu yenye maji hunguruma kwa sauti nzito. Ikipiga kelele kavu ya kutetemeka, imemeza hewa, na hilo hutokea sana ukiacha tangi likauke au mashine ikikaa miezi bila kutumika. Jaza tangi, likandamize mahali pake, bonyeza kitufe cha kikombe kikubwa, rudia mara tatu nne ukiipumzisha kidogo katikati. Ikikataa, ondoa tangi, chukua sirinji isiyo na sindano, usukume maji taratibu kwenye chuchu ya mashine, urudishe tangi na ujaribu tena. Nimeona mashine iliyokuwa njiani kwenda kwenye taka ikaamka kwa sirinji moja ya maji, na furaha ile sijui niilinganishe na nini.

Pampu ikinguruma vizuri lakini maji yakitoka kwa shida, hiyo ni chokaa. Maji magumu yana kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka. Yakipashwa moto, kaboni dioksaidi hutoka na kalsiamu hubaki ikiwa ukoko mweupe kwenye njia nyembamba za hita. Wengi wetu tunahamia mji mpya na kuendelea kuiendesha mashine kama tulivyozoea, kumbe maji ya bomba yamebadilika. Birika lako litakwambia: likiota utando mweupe kwa wiki chache, na mashine inaota.

Dawa ya kuondoa chokaa huwa ya asidi ya sitriki au ya laktiki. Fuata kipimo cha pakiti na usizidishe, kwa sababu asidi ya sitriki ikiwa nzito na ya moto huungana na kalsiamu na kufanya chembe nyingine ambazo nazo zinaziba. Pitisha nusu, zima, acha robo saa ifanye kazi, pitisha iliyobaki. Ikiwa ukoko ni mkubwa, rudia siku nyingine. Kisha suuza kwa matangi mawili kamili ya maji safi. Siki siipendekezi, ingawa kila mtu ataitaja: harufu yake haitoki upesi, na watengenezaji wengi wanaikataza kwa sababu ya mipira iliyomo ndani.

Usishtuke mashine iliyokuwa kavu ikianza kuvuja baada ya kusafishwa. Chokaa ilikuwa imeziba ufa wa mpira mkuukuu. Sasa umeuona, ubadilishe.

(Mashine za Vertuo, aina nyingine ya Nespresso zilizoanza kuuzwa 2014, huizungusha kapsuli hadi mara 7,000 kwa dakika na kuitambua kwa alama za msimbo ukingoni. Hizo zina taratibu zake za kusafisha kwenye kijitabu. Ila tangi, chokaa na usafi wa kichwa, pale kapsuli inapokaa, ni yale yale.)

Kuna mahali pa kusimama. Ukiona karatasi inalowa pale tu pampu inapofanya kazi, maji yakitoka katikati ya kitako na wala si kwenye tangi, ni paipu au oringi ya ndani karibu na hita. Humo kuna umeme na maji ya moto yenye nguvu. Kama hujui kufungua vifaa vya umeme, chomoa plagi, mpe anayejua. Na sisi tunaokaa ghorofani kwenye nyumba za kupanga tusiache mashine ya namna hiyo na tangi lake limejaa tukaenda kazini kwa saa kumi na mbili. Maji hayaishii kwenye kaunta, yanashuka kwa jirani wa chini.

Mwezi uliopita dada mmoja wa ghorofa ya juu, mgeni kabisa huku, aligonga mlango akiwa ameibeba yake ndani ya taulo. "Kaka, wameniambia wewe unazijua hizi." Nikamwambia, "Karibu dada, tuanze na karatasi." Karatasi chini ya tangi ilibaki kavu, kwenye kiungo nako kavu, maji bila kapsuli yakaja vizuri. Tulipoweka kapsuli, kikasha kikajaa. Nilipofungua mkono nikamulika kwa simu, mpira wa kichwa ulikuwa umezungukwa na kahawa ngumu kama udongo uliokauka. Tulisugua kwa zamu karibu nusu saa, mmoja ameshika simu, mwingine mswaki. Kapsuli ya pili ikatoa kikombe kilichojaa, na karatasi chini yake ikabaki nyeupe. Akaikunja ile karatasi kavu, akaitia mfukoni, akapanda nayo juu.