Siku yangu na bakteria wanaong'ang'ania kioo

Saa 1:00 asubuhi. Kabla ya bakteria, maji. Nazamisha vipande vya kioo katika maji ya bahari yaliyochujwa mpaka hayana kiumbe. Dakika chache tu zinatosha: protini na sukari zilizoyeyuka humo zinajibandika na kukifunika kioo chote. Kwa hiyo bakteria hawafikii kioo kitupu hata siku moja. Wanakuta kimekwisha kutandikwa.

Saa 2:30. Naingiza bakteria wa jenasi Pseudoalteromonas, nawasha pampu, maji yanapita polepole juu ya kioo.

Saa 3:00 mpaka saa 6:00 siondoki kwenye hadubini, na nikiambiwa nichague kazi moja tu ya siku, nitachagua hii. Seli inakuja mbio kwa mkia wake, inagonga, inazunguka papo hapo kama mbuzi aliyefungwa kamba, kisha inachomoka na kwenda zake. Nyingine inafanya vivyo hivyo. Halafu mmoja habanduki. Ndani yake kiwango cha molekuli iitwayo c-di-GMP kimepanda, na amri imebadilika: mkia usimame, ute uanze kutengenezwa. Mwaka 1971 Marshall, Stout na Mitchell walizitenganisha hatua hizi mbili kwa bakteria wa baharini: kushika kunakoweza kuachiliwa, na kushika kusikoachiliwa.

Chakula cha mchana, haraka.

Saa 8:00. Kusuuza. Kazi hii huonekana ya kitoto, lakini hapa ndipo matokeo hupatikana au huharibika. Ukimwaga maji kwa nguvu unang'oa walioshika. Ukibembeleza mno unahesabu wapita njia. Ndiyo maana sipendi kusoma ripoti inayosema tu "vilisuuzwa" bila kueleza vilisuuzwaje.

Saa 9:00. Vipande vilivyokaa tangu jana navipaka kristali vayoleti, rangi ya zambarau, nasuuza tena, nayeyusha rangi iliyobaki kwa asidi ya asetiki, na mashine inapima ukali wa zambarau. Kipimo ni rahisi, ila kina kasoro yake: rangi hushika seli hai, seli zilizokufa na ute wenyewe bila kubagua. Zambarau iliyokolea haimaanishi bakteria wengi walio hai.

Saa 11:00. Vipande vya zamani, vilivyokomaa. Hapa seli hazionekani moja moja tena. Ni vichuguu vya ute vyenye mifereji ya maji katikati. Wenye meli huanza kulalamika hapa, kwa sababu utando huu wa bakteria na ute wao peke yake huongeza msuguano wa chombo majini. Tena hualika wageni: viluwiluwi vya mnyoo Hydroides elegans, anayejenga mrija wa chokaa, hutua wakikuta utando wa Pseudoalteromonas luteoviolacea, na juu ya kioo safi huendelea kuogelea.

Saa 12:30 jioni. Namwaga dawa ya klorini kwenye mipira ya pampu, maana humo ndani nako wamekwisha kujenga. Vipande vya kesho vinaingia majini.