Mradi wa komenti zenye maana: tulipofikia mpaka sasa

Wadau, hii ni apdeti nyingine ya ule mradi wa kufundishana kutoa maoni ya maana kwenye picha za wenzetu, na safari hii itakuwa ndefu kidogo maana kuna mambo yamebadilika na nataka niyaandike yakiwa bado ya moto kichwani. Kwa wageni: ni kundi la watu wanaopenda kupiga picha, kila mtu anaweka yake, wengine wanaichambua, na lengo ni mwenye picha aondoke na kitu cha kwenda kujaribu na kamera yake. Hatushindani, hatupeani alama.

Shida tuliyoanza nayo anaijua kila mtu aliyewahi kuweka picha mtandaoni. Umeihangaikia picha yako weee, unaiweka, unapata "kali sana mkuu", "noma", emoji za moto, basi. Unafurahi dakika mbili afu hujui lolote jipya kuhusu picha yako. Au inakuja ile ya upande wa pili, "haina mvuto", mtu kashaondoka zake. Kwangu mi hizo mbili ni kitu kimoja tu, kwa sababu hakuna hata moja inayotaja chochote kilichomo ndani ya picha. Zihamishe ukaziweke chini ya picha nyingine yoyote, zitakaa bila shida. Hicho ndo kipimo changu siku hizi: nikimaliza kuandika komenti najiuliza, hii ingeweza kukaa chini ya picha ya mtu mwingine? Kama ndiyo, nafuta naanza upya.

Kitu cha kwanza tulichojaribu ni kuweka urefu, kwamba komenti isipungue sentensi tatu. Hakikufika mbali, watu wakaandika "nzuri" ileile kwa sentensi tatu. Tumeshaiondoa.

Kilichogeuza mambo ni pale tulipomgeukia mwenye picha badala ya kuwabana wanaokomenti. Sasa hivi huweki picha tupu. Unaandika ulitaka mtazamaji aone au ahisi nini, afu unauliza swali moja, na swali lenyewe lisiwe "mnaonaje?" kwa sababu "mnaonaje" inajibika kwa "safi". Tunataka maswali kama: jicho lako limetua wapi kwanza, usoni au dirishani? Nimekata fremu pale kwenye vifundo vya miguu, inakusumbua au hukuona? Nimepunguza mwanga ili ionekane jioni, je ni jioni au ni giza tu?

Swali likiwa la hivyo hata mtu asiyejua lenzi wala apacha anaweza kulijibu, anasema tu jicho lake limekwenda wapi, na hilo hakuna mtaalamu anayeweza kumbishia. Hapa ndo wapya wakaanza kuongea, wale ambao mwanzoni walikuwa wanapita kimya wakidhani hawana la kusema mbele ya wakongwe. Na nimegundua majibu yao mara nyingi yanasaidia kuliko ya wakongwe wenyewe, maana mkongwe akiiangalia picha anaanza kuwaza kamera ilikuwa imesetiwaje, mgeni anaiona picha kama picha.

Hatua ya pili tuliyoongeza: eleza unachokiona kabla hujasema kama ni kizuri au kibaya. Hili si wazo letu. Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa kule Marekani, alishapanga zamani uchambuzi wa kazi ya sanaa kwa mfuatano huo, kwanza kueleza kilichopo, pili kuchambua kimepangwaje, tatu kutafsiri maana yake, na hukumu inakuja mwisho kabisa. Sisi wengi tunaanzia mwisho na tunaishia hapohapo.

Nitoe mfano mmoja kwa karibu, mwenye picha kaniruhusu. Picha ni ya mzee anatengeneza saa mezani, taa moja ya mezani kushoto kwake, nyuma kuna ukuta. Swali la mwenye picha: nimetaka mikono ndo iwe habari, je imekuwa? Komenti za mwanzo zilisifia uso wa mzee, mikunjo, ndevu, na hilo peke yake tayari lilikuwa jibu ila hakuna aliyeliona kama jibu. Afu mwenzetu mmoja akaandika hivi, nanukuu kwa ruhusa yake: "Mi naanza kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani kona ya juu kulia, ndo kitu cheupe kuliko vyote humu. Afu narudi usoni. Mikono naifikia mwisho, imekaa kwenye kivuli cha kifua chake." Kaishia hapo. Hakusema umekosea, hakusema rekebisha, wala hakutaja kama picha ni nzuri au mbaya, lakini mwenye picha alielewa kila kitu. Jicho la mtu hukimbilia penye mwanga zaidi au pale mwanga na giza vinapokutana kwa nguvu, na uso wa mtu unavuta hata ukiwa mdogo, kwa hiyo mikono ilikuwa inashindana na vitu viwili vilivyoizidi vyote.

Akarudi na picha ya pili. Karatasi imetolewa, taa imeshushwa na kusogezwa mbele mpaka mwanga unaangukia viganja na kile kibano kidogo alichoshika mzee, uso umebaki nusu gizani. Mmoja akasema sasa anakosa macho, mwingine akasema ni bora hivyo. Mwenye picha akasema ndo alivyokuwa anaitaka tangu mwanzo. Mabishano ya namna hii mi nayapenda sana, kwa sababu wanabishana kuhusu kitu kilichopo mbele yao wote.

Sasa kuhusu "picha imetoka na ukungu". Hii komenti nimeichoka, sio kwa sababu ni ya uongo, ni kwa sababu inaishia pale ambapo ndo ingetakiwa ianze. Kuna namna tatu hivi kubwa za picha kukosa ukali na kila moja ina dawa yake, na ukiikuza picha ukaikagua unaweza kumwambia mwenzako ni ipi. Kama jicho la mtu lina ukungu lakini sikio au kola ya shati imetoka kali, hapo fokasi (pale kamera ilipolenga ukali) imetua pasipotakiwa, mwambie aangalie nukta yake ya fokasi. Kama kila kitu kimeburutika kuelekea upande mmoja, na vimulimuli vya taa vimekuwa vistari, basi kamera ndo imetikisika. Kwa kushika mkononi kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha, ukiwa na lenzi ya milimita 50 shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) isiwe ya taratibu kuliko 1/50 ya sekunde, na ya 200 isiwe ya taratibu kuliko 1/200, ingawa lenzi na kamera zenye kituliza mtikisiko zinakuruhusu kushuka zaidi. Na kama ukuta na meza ni vikali ila mtu peke yake ndo kafifia, basi aliyetembea ni yeye, na hapo kituliza mtikisiko hakisaidii kitu, unahitaji shata ya haraka zaidi. Unaona tofauti? Mtu akiambiwa "ukungu" anakwenda kununua lenzi mpya, kumbe tatizo lilikuwa shata ya 1/15, taratibu mno.

Na kuna swali la kuuliza kabla ya hayo yote, je alitaka iwe hivyo? Kuna kisa mi huwa nakirudia sana. Mwaka 2006 mtu mmoja aliweka kwenye kundi fulani la Flickr, mtandao wa kuwekea picha, ambako wanachama walikuwa wanapiga kura picha ibaki au ifutwe, picha ya Henri Cartier-Bresson, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, aliyoipiga Hyères, Ufaransa, mwaka 1932. Ngazi za kuzunguka zimeonekana kutoka juu, chini mtaani mwendesha baiskeli anapita akiwa amefifia kwa mwendo. Ni moja ya picha zinazojulikana sana kwenye historia ya upigaji picha, na wengi waliikataa, wakilalamikia ukungu. Siwacheki, maana kanuni walizotumia ndo zilezile tunazofundishana sisi. Walichokosa ni kuona kwamba ngazi zimetulia na baiskeli inakimbia, wakajiuliza kufifia kule kunafanya kazi gani.

Ndo maana nimependa sana utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alioanza kuutengeneza mwaka 1990. Una hatua nne. Watazamaji wanaanza kwa kusema kipi kimewagusa au kimebaki nao, afu msanii ndo anauliza maswali yake, afu watazamaji wanamuuliza msanii maswali yasiyobeba hukumu, na mwisho ndo yanakuja maoni, tena unaomba kwanza: nina maoni kuhusu mwanga, ungependa kuyasikia? Na msanii ana haki ya kusema hapana. Tumeuchukua karibu wote. Hatua ya tatu ndo ngumu, jamani. "Kwa nini umeacha anga liungue hivyo?" (yaani liwe jeupe tupu) ina alama ya kuuliza lakini ni rungu. "Ulikuwa unalifikiriaje anga kwenye picha hii?" hilo ni swali, na mara nyingine jibu lake linakushangaza.

Kitu kingine ambacho tunakisimamia ni kuongelea picha, sio mpigaji. Kuna uchambuzi mkubwa wa watafiti wawili, Kluger na DeNisi, wa mwaka 1996 uliokusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho, na walikuta kwamba kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi ya matokeo waliyoyapitia utendaji ulishuka baada ya mtu kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba maneno yanapomtoa mtu kwenye kazi yenyewe na kumpeleka kujiwaza yeye ni nani, nguvu ya mrejesho inapungua. Tena angalia, hata sifa zinaweza kufanya hivyo. "Wewe una kipaji" inampendeza mtu lakini haimwambii afanye nini kesho, na akitoa picha mbovu kesho anaanza kuwaza kipaji kimekwenda wapi.

Kuhusu sifa nina la kuongeza, maana wapo waliodhani tunazipiga marufuku. Hapana kabisa. Dada mmoja kwenye kundi aliweka picha ya korido ndefu, sakafu imelowa, na taa za dari zinajirudia chini kwenye maji. Karibu komenti zote zilihusu kuta zilizoinama, na kweli zilikuwa zimeinama. Akarudi ameinyoosha, kuta zimesimama wima, lakini ili kunyoosha akakata sehemu ya chini na zile taa zilizojirudia kwenye maji zikaondoka zote! Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kile ndo kilichotushika sote, kila mtu alidhani kinajulikana. Tangu hapo tumeweka kwamba kila komenti itaje kitu kimoja ambacho mwenye picha asikiguse, na sababu yake. Mtu anahitaji kujua cha kulinda kama anavyohitaji kujua cha kubadilisha.

Mengine kwa haraka. Usichukue picha ya mtu ukaiediti na kuirudisha bila kumuomba, hata kama unajua utaipendezesha. Na kwenye picha za watu tunajadili mwanga, mkao, fremu, mandharinyuma, hatujadili pua ya mtu wala unene wake, yule aliyepigwa anaweza kuwa anasoma na hakuja kwetu kuchambuliwa mwili.

Kinachonisumbua bado ni wanaoweka picha, wanachukua maoni, afu hawakomenti za wenzao. Tumeweka utaratibu wa kuchambua mbili kabla hujaweka yako, na umeleta nafuu, ila zinakuja zingine za harakaharaka kutimiza wajibu. Sitaki kufukuza mtu. Ninachofikiria ni kuwapa wanaoanza kazi moja ndogo tu, waandike njia ambayo jicho lao limepita ndani ya picha, kitu cha kwanza, cha pili, cha tatu, basi, kama yule aliyeiona ile karatasi ukutani. Hiyo haihitaji utaalamu wala muda mrefu.

Mwezi ujao tunajaribu kitu kipya: mwenye picha anaficha lengo lake kwa siku moja, watu wanaandika wanachokiona, afu ndo anafichua alitaka nini na kila mtu anaona umbali uliopo kati ya hivyo viwili. Nina wasiwasi kidogo na picha za habari na matukio, ambazo bila maelezo zinaweza kueleweka vibaya vibaya, kwa hiyo hizo nadhani tutaziacha nje kwanza. Kama kuna mdau alishajaribu namna hii kwenye kundi lake naomba aniambie siku moja inatosha au watu wanachoka kusubiri.