Nyumba ya shamba juu ya Soni

Jana nimepanda kutoka Mombo hadi Soni, halafu bodaboda mpaka kijijini, kwenda kuiona nyumba ya shamba inayouzwa. Ndugu zangu, nimerudi nayo moyoni. Ni ya zamani, kuta nene za mawe na udongo, milango ya mbao ngumu ambayo hadi leo inafunga vizuri kabisa. Wenyewe wameezeka bati jipya, wakaweka sakafu ya saruji, umeme na choo cha ndani, lakini jiko la kuni la uani wameliacha lilivyo. Hapo ndipo waliponipata! Mama mwenye nyumba alinikaribisha chai tukakaa karibu na moto, maana baridi ya Usambara mwezi huu wa Julai si ya kuchezea. Nyuma kuna mipeasi, na matuta ya kabichi yanashuka hadi kijitoni.

Bei tunaweza kuelewana. Ila ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo lazima halmashauri ya kijiji iridhie kwanza, na hati ya hakimiliki ya kimila nataka niione kwa macho yangu. Jumatatu narudi na kaka, tuwasalimie majirani na tuulize mpaka unaishia wapi.