Chuo nilikichagua nikila karanga

Mimi ni mkimbiaji wa mita 1500. Mazoezi yangu ni kuupanda mlima wa Bugando, hapa Mwanza, alfajiri, makondakta wakinicheka. Nilipomaliza kidato cha sita kila mtu alikuwa na ushauri. Mjomba ndiye aliyezidi: "Wewe nenda Marekani kama Nyambui!" Kweli Suleiman Nyambui ni wa ziwani huku huku, Majita. Alisoma El Paso, Texas, na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5000 kwenye Olimpiki ya Moscow. Ila mjomba alisahau kuwa Nyambui alikimbia kama Nyambui.

Akaniletea wakala, shati jeupe, simu mbili. Alitaka laki tatu na ushee "za kufungulia faili", eti ufadhili wa riadha uko tayari. Mama akatoa ya dagaa, tukalipa nusu. Usiku ndipo nikaingia intaneti: chuo chenyewe kiko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na huko ufadhili wa michezo hautolewi hata ukimbie kama swala. Wewe anza na divisheni. Mimi nilianza na pesa.

Nikageukia vyuo vya nyumbani. Cha kwanza kipeperushi chake kilionyesha uwanja wenye mistari. Nilipofika, mistari ilikuwa kamba za nguo. Goli moja limeanikwa shuka la maua, mbuzi wawili wamelala kwenye kona. Mhudumu akaniambia uwanja "uko kwenye mpango".

Cha pili sikukanyaga ofisini. Nilinunua karanga za mia tano, nikakaa pembeni ya uwanja saa kumi na moja jioni, siku tatu, nahesabu vichwa. Jumanne wakimbiaji kumi na mmoja. Jumatano manyunyu, wakawa tisa, kocha yule yule na saa yake shingoni. Alhamisi nikamsogelea dada aliyekaa benchi, goti lina bandeji. Mchezaji mzima atakusifia chuo. Majeruhi hana sababu.

"Dada, tangu umeumia kuna anayekuulizia?"

"Kocha, kila jioni. Mdogo wangu, kasheshe ni mitihani. Ikigongana na mashindano, uwe na barua ya mlezi wa michezo mapema, la sivyo utarudia somo."

Barua hiyo hakuna kipeperushi kinachoitaja. Nikaomba chuo hicho, nikapata. Mjomba bado ananitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye anayekwenda Texas."