Fundo la kanga

Juzi Sefu kaiokota picha ya Idd, kaja nayo jikoni. "Mama, haya meno yangu ya mbele nilimrushia panya?"

Nikamwambia ndiyo. Uongo. Meno yale hayakufika juu ya paa. Yalibaki kwenye kisahani cha daktari, manne, meusi kama mbegu za papai, na mwenyewe hajatimiza miaka minne.

Safari ile ya Idd, kutoka Dar kwenda Tanga kwa mama mkwe, siikumbuki, ila machungwa ya Muheza. Tangu Segera nilikuwa najipanga: nitasalimia, nitasifu pilau, ndipo niseme. Baba yake nilimwomba aseme yeye, akanijibu, "Mama yangu utamweza?" Tulipofika Ngamiani akapotelea barazani kwenye bao.

Basi Sefu akatoka chumbani kwa bibi yake, midomo myekundu kama kapaka rangi. Ubuyu. Pilau nikaisahau.

"Mama, mtoto kang'olewa meno manne. Daktari kasema ni sukari. Naomba usimpe tena."

Hakunijibu. Alivuta pindo la kanga aliyojitanda, akaanza kulifungua fundo, taratibu, kwa vidole vyenye hina iliyokwisha kufifia. Fundo likakaza. Akalitia jino, moja katika yale machache aliyobaki nayo. Lilipolegea akanishika kiganja, akanihesabia: gubiti moja. Pipi za kifua mbili. Kipande cha kashata ya nazi kilichoganda nyuzi za kanga. Mwisho sarafu ya mia tano, ina joto la mwili wake.

"Hiyo ilikuwa ya kesho. Shika wewe. Mume wangu akija nitampokea mikono mitupu."

Sefu kasimama katikati yetu. Pipi hazitazami, anamtazama bibi yake usoni.

Safari zilizofuata fundo lilikuwa na karanga. Sefu alizila kwa adabu, kama anakunywa dawa.

Mwaka jana mama mkwe alilala kwangu wiki tatu, sukari imempanda. Asubuhi moja nikampelekea uji mkavu, hauna hata chembe. Akaonja, akaweka kijiko, akaniangalia muda mrefu.

"Na huu nao kasema daktari?"

Nilichungulia mlangoni kwanza, mume wangu asije akaniona. Kisha nikaenda kuchukua kopo la sukari. Kijiko kimoja. Nusu, tuseme.