Miezi mitatu nyumba ikiwa tupu

Mpangaji niliyemkuta ndani wakati nanunua nyumba kwa mkopo wa benki alirudisha funguo mwisho wa mwezi. Mkopo haukuwa umetimiza hata mwaka: miaka 15, riba asilimia 12, na chini yake sahihi yangu ya dhamana binafsi. Maana yake nikishindwa kulipa, na nyumba ikauzwa kwa bei isiyotosha deni, benki ingeweza kufuata mali zangu nyingine. Karatasi hiyo niliisaini haraka kuliko zote.

Nikang'ang'ania kodi ya zamani. Dalali aliniambia wiki ya pili tu, "Shusha asilimia tano, nakuletea mtu." Nikamwona mvivu. Kumbe hesabu ilikuwa yake: mwezi mmoja bila mpangaji unakula asilimia 8.3 ya kodi ya mwaka, ilhali punguzo lile lingenigharimu kodi ya siku 18 tu. Nilikaa miezi mitatu. Robo ya mwaka imekwenda, na marejesho yanatoka kwenye mshahara na akiba.

Akiba ilipobaki ya rejesho moja nikaenda benki, kabla sijachelewa hata siku. Hapo angalau nilipatia. Ukishaanza kudaiwa malimbikizo na adhabu, unaingia ukiwa mnyonge. Afisa mikopo akapendekeza mkopo urefushwe hadi miaka 20. Nikamwomba tupige hesabu palepale. Rejesho lingeshuka kama asilimia 9, ila kwa kila 100 niliyokopa ningelipa zaidi ya 260 badala ya 216. Unafuu mdogo, bei kubwa.

Nikauliza: je, nikilipa riba peke yake kwa miezi mitatu? Mkopo ukiwa mchanga, karibu 83 katika kila 100 ya rejesho ni riba, kwa hiyo nilipumua kwa asilimia 17 hivi. Muda wa mkopo haukuguswa, na marejesho ya baadaye yalipanda kwa chini ya asilimia 1. Alikubali, kwa maandishi. La mdomo nisingeondoka nalo.

Jioni hiyo nikampigia dalali. Kodi ikashuka asilimia 5, mpangaji akaingia siku ya kumi na moja. Amana yake, pesa ya dhamana ambayo mpangaji hurudishiwa akihama, niliiweka kwenye akaunti ya peke yake, ingawa rejesho la mwezi ule lilikuwa bado halijatimia.